Maswali ya wasomaji: Kirusi kinabadilika, mbona chanjo ya surua ni ile ile?

Barua za toleo hili karibu zote zinazunguka jambo moja: chanjo za watoto, na kama kweli zinamudu virusi vinavyobadilika kila kukicha. Tumechagua sita na kuzifupisha.

"Tuliambiwa korona inabadilika, ndiyo maana chanjo zake zilitengenezwa upya. Mafua nayo kila mwaka chanjo mpya. Lakini mwanangu amechomwa chanjo ya surua kama niliyochomwa mimi miaka ya themanini. Kirusi cha surua hakibadiliki? Au wanangu wanachomwa kitu kilichopitwa na wakati?" Baba wa watoto wawili, Mwanza

Ndugu msomaji, kilichoongezeka tangu enzi zako ni rubella: tangu 2014 Tanzania inatumia sindano moja yenye kinga ya surua na rubella pamoja. Upande wa surua wenyewe ni kweli haujabadilika sana. Chanjo nyingi za surua zinazotumika duniani zinatokana na kirusi kilichochukuliwa 1954 kwa mvulana wa shule aitwaye David Edmonston, katika maabara ya John Enders huko Boston, kikafugwa na kuhamishwa mara nyingi mpaka kikadhoofika. Na chanjo hizo bado zinafanya kazi dhidi ya surua inayozunguka Afrika leo.

Sababu si kwamba kirusi cha surua hakikosei. Kinakosea. Vinasaba vyake ni kama andiko la herufi 15,894, na kila kinapojinakili ndani ya seli ya mtoto, herufi moja hapa na moja pale hunakiliwa vibaya. Wataalamu wameshatambua matawi 24 ya kirusi hiki kutokana na tofauti hizo za herufi. Swali la maana ni kosa limeangukia wapi.

Kirusi cha surua huingia kwenye seli kwa kutumia protini inayojitokeza juu ya ganda lake, nayo inafanya kazi kama ufunguo. Meno ya ufunguo huo yametengenezwa kuingia kwenye kufuli maalumu zilizo juu ya seli zetu za kinga na za njia ya hewa. Kingamwili zinazotokana na chanjo hushika ufunguo huo, tena sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Ili kirusi kizikwepe, lazima kibadilishe sehemu hizo zote kwa pamoja, na baadhi yake ndiyo meno yenyewe. Akitokea mtoto wa kirusi mwenye meno yaliyopinda, kingamwili hazitamshika, lakini naye hatafungua mlango. Anaishia hapo hapo.

Mafua yana bahati tofauti. Protini ya juu ya kirusi cha mafua ina kichwa kipana, na sehemu kubwa ya kichwa hicho inaweza kubadilika bila kuharibu pale kinaposhikia seli. Zaidi ya hapo, vinasaba vya mafua vimegawanyika vipande 8. Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya nguruwe mmoja au mtu mmoja vinaweza kubadilishana vipande na kuzaa kirusi kigeni kabisa. Surua ni kipande kimoja, haina mchezo huo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua virusi vya kuweka kwenye chanjo ya mafua, na kwa surua halina haja hiyo.

Kuna sababu ya pili ambayo watu huisahau, nayo ni muda. Mafua na korona hushambulia pua na koo, na dalili hutokea ndani ya siku chache tu. Surua huchukua siku 10 hadi 14 kabla ya vipele, na njiani hupita kwenye damu. Mwili uliochanjwa una seli za kumbukumbu. Zikipewa siku kadhaa za kujipanga zinamwaga kingamwili za kutosha, na kirusi kinakutana nazo huko huko kwenye damu.

Kuhusu kudumu kwa kinga, ushahidi wa zamani kabisa unatoka Visiwa vya Faroe, Atlantiki ya kaskazini. Surua ilifika huko 1781, ikaondoka, haikurudi hadi 1846. Iliporudi, kati ya watu wapatao 7,800 waliugua zaidi ya 6,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alipita nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba wazee waliougua surua ile ya 1781 hawakuguswa. Ilikuwa imepita miaka 65 bila surua visiwani.

"Mwanangu alichomwa surua akiwa na miezi 9, kadi ninayo. Ana mwaka na miezi minne, na juzi ameugua surua. Majirani wanasema chanjo haifai kitu, mtaani kwetu waliochanjwa nao wanaugua. Niwaambie nini?" Mama, Morogoro

Pole sana mama. Tuanze na mtoto. Mtoto yeyote mwenye surua apelekwe kituo cha afya apewe vitamini A, hata kama aliipata kwenye kampeni. Dozi ni yuniti 200,000 kwa aliyetimiza mwaka, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, siku mbili mfululizo. Kinachopotea bila vitamini hiyo ni macho, na wakati mwingine mtoto mwenyewe. Usisubiri vipele vikauke ndipo uende. Kituoni mwambie mhudumu mapema kwamba unashuku surua ili msikae foleni moja na vichanga, maana kirusi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani.

Sasa majirani. Mtoto anazaliwa na kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo. Ni zawadi nzuri, ila inasumbua chanjo: kirusi kilichodhoofishwa kikiingia, kingamwili za mama hukifuta kabla mwili wa mtoto haujakisoma. Zawadi hiyo huisha polepole, kwa mmoja miezi 6, kwa mwingine karibu na mwaka. Ukichoma mapema mno, wengi hawapati kinga. Ukingoja mwaka na nusu, wengi wanaugua kabla hujawafikia. Miezi 9 ni maafikiano kati ya hatari hizo mbili. Kwa umri huo, kati ya watoto 100, takribani 85 hupata kinga. Dozi ya pili ya miezi 18 haipo ili "kuongezea nguvu" tu, kama inavyosemwa. Kazi yake kubwa ni kuwafikia wale 15 waliobaki. Wa kwako, kwa bahati mbaya, aliugua katikati ya dozi hizo mbili.

Fanya hesabu hii na majirani. Chukua mtaa wenye watoto 100, ambapo 90 wamechomwa dozi moja na 10 hawajachomwa kabisa. Kati ya wale 90, 13 au 14 hawakupata kinga. Surua ikipita, inaweza kuwapata hao 13 au 14 pamoja na wale 10. Mtu akihesabu wagonjwa atasema, "Mnaona? Waliochanjwa ni wengi zaidi!" Ni kweli ni wengi zaidi, lakini waliougua ni 14 kati ya 90, na upande wa pili ni 10 kati ya 10.

Kwa nini surua inawapata hata hao wachache? Kwa sababu mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza 12 hadi 18, kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake. Ili mnyororo ukatike, watu 95 kati ya 100 wanatakiwa wawe na kinga, na dozi moja haifiki hapo hata ukimchoma kila mtoto. Kama kuna mtoto mwingine nyumbani ambaye umri wake umefika na hajachomwa, mpeleke ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa. Katika muda huo chanjo bado inaweza kukiwahi kirusi.

"Shikamooni. Namlea mjukuu wangu wa miezi 11. Mama yake alimpeleka kliniki alipozaliwa na wiki ya sita tu, basi. Naogopa kwenda, wataniambia waanze upya na watamchoma sindano nyingi siku moja." Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Hakuna kuanza upya. Dozi aliyopata inahesabiwa, hata ikipita miezi au miaka, kwa sababu seli za kumbukumbu zilizotengenezwa wiki ya sita bado zipo zinasubiri. Mnaendelea pale mlipoishia. Nenda na kadi. Kama imepotea, nenda hivyo hivyo. Kituo kilichomchoma kina rejista, na isipopatikana jina lake humo, kurudia dozi hakumdhuru.

Siku hiyo anaweza kupewa dozi ya pili ya pentavalenti (ile inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na homa ya uti wa mgongo ya Hib), ya nimonia, ya surua-rubella, na polio ya matone na ya sindano. Ya kuhara inayosababishwa na rota nayo uliza, kwani Shirika la Afya Duniani linaruhusu kuitoa hadi miezi 24. Sindano zinagawanywa: paja hili, paja lile, na mkono. Zikilazimika kuwa mbili kwenye paja moja, ziachane angalau sentimita 2.5, ili uvimbe ukitokea ijulikane umetoka wapi.

Baada ya hapo rudi wiki 4. Isiwe wiki 2 kwa kuharakisha: dozi inayofuata mapema mno inakuta mwili bado unapanga ile ya kwanza, na haihesabiwi. Kuchelewa hakuharibu dozi, ila kunaongeza siku ambazo mtoto yupo wazi. Tahadhari nyingine ni kwamba chanjo mbili za sindano zenye virusi hai, kama surua-rubella na homa ya manjano, zitolewe siku moja au ziachane wiki 4.

Kuhusu wingi, bibi, hofu yako tunaielewa. Lakini pima hivi: chanjo ya ndui, ambayo kizazi chako kina kovu lake, peke yake ilikuwa na protini zipatazo 200. Chanjo nyingi za leo zina protini moja au chache tu, ingawa zile zinazotumia bakteria mzima, kama sehemu ya kifaduro ya pentavalenti, zina nyingi zaidi. Mtoto anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni anakutana na vimelea vingi kuliko hivyo kabla ya mchana.

"2023 walipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, wakasema kirusi kimeonekana mkoani kwetu. Baadaye nikasikia kirusi chenyewe kilitokana na chanjo. Kama ni kweli, kwa nini tuliwapa watoto matone tena?" Mwalimu, Sumbawanga

Ni kweli, na mtu anayekuficha hilo anakukosea. Kilichothibitishwa Rukwa 2023 ni polio aina ya 2 iliyotokana na kirusi cha chanjo. Burundi ilikuwa imetangaza yake Machi mwaka huo huo.

Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinakaa kwenye utumbo wa mtoto kwa wiki kadhaa, kinaujengea kinga, kisha kinatoka na choo. Kikimkuta mtoto mwingine asiyechanjwa, kinaingia na kujinakili kwake, na kila mara kinapojinakili kinakosea herufi. Penye watoto wengi wenye kinga kinakosa pa kwenda na kuishia hapo. Penye wengi wasiochanjwa na vyoo vibovu, kinapita mtoto hadi mtoto kwa mwaka au zaidi, na makosa hayo madogo yanakirudishia makali. Maabara hupima umbali kilichosafiri kwa kuhesabu mabadiliko kwenye kipande kimoja cha vinasaba chenye herufi zipatazo 900. Kwa aina ya 2, yakifika 6 kinaandikwa kuwa kimeachana na chanjo. Kwa aina ya 1 na ya 3 ni 10. Mabadiliko hutokea kwa takribani asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo wataalamu wanaweza hata kukadiria kimezunguka kwa muda gani bila kuonekana.

Aina ya 2 ya asili ilitangazwa kutokomezwa 2015. Aprili 2016 nchi zote zinazotumia matone ziliondoa aina hiyo kwenye chanjo ya kawaida, zikabaki na ya 1 na ya 3, na sindano ikawekwa kuziba pengo. Sindano hukinga mishipa ya fahamu isipooze, ila kinga yake ya utumbo ni dhaifu. Mtoto aliyechomwa anaweza kubaki mzima huku kirusi kinapita tumboni mwake kwenda kwa jirani. Kwa hiyo mlipuko ukishatokea, sindano peke yake haiukati. Inabidi kufunga utumbo, na hilo linafanywa na matone.

Matone ya kampeni ya Septemba 2023, yaliyotolewa kwa watoto wa chini ya miaka 8 katika mikoa ya Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, hayakuwa yale ya zamani. Yalikuwa chanjo mpya ya aina ya 2, ambayo vinasaba vyake vimerekebishwa mahali kadhaa ili kupunguza sana uwezekano wa kurudi kwenye makali. Iliruhusiwa kwa dharura Novemba 2020.

Wewe kama mwalimu unaweza kusaidia. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, bila ajali, atolewe taarifa siku hiyo hiyo. Zinahitajika sampuli mbili za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea. Wengi wa wanaoambukizwa polio hawapoozi kabisa, kwa hiyo nyuma ya mtoto mmoja aliyelegea kuna mamia waliobeba kirusi bila kujua.

"Nimetembea kilomita saba na mtoto mgongoni, nesi ananiambia surua hawafungui leo, watoto hawajatosha, nirudi Alhamisi. Ni haki hiyo?" Mama, Kilifi

Umbali huo na mtoto mgongoni si mdogo, dada, na hasira yako ina msingi. Surua-rubella (wengine kwenu huita ukambi) huja kama unga mkavu kwenye kichupa, mara nyingi cha dozi 10, na maji yake maalumu pembeni. Ukishachanganywa hauna dawa ya kuzuia bakteria. Ndani ya saa 6 utumike wote, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, umwagwe. Kimelea kikiingia na kichupa kikaachwa hadi kesho, watoto hufa, na imewahi kutokea katika nchi kadhaa. Nesi anaogopa kumwaga dozi 9. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu mama aliyerudishwa mara nyingi harudi tena. Uliza kwa upole kuhusu mwongozo huo. Ukishindwa, omba namba ya kituo upige kabla ya kutoka nyumbani.

Ukiwa hapo, unaweza kuomba uoneshwe kichupa. Kina alama ndogo ya duara, na ndani yake mraba. Joto likizidi, mraba unazidi kuwa na rangi nzito na haurudi nyuma. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana na duara au kuwa mzito zaidi, isitumike. Kwenye kichupa cha matone au cha pentavalenti alama iko kwenye lebo. Kwenye cha unga huwa juu ya kifuniko, kwa hiyo itazame kabla hakijafunguliwa. Alama hiyo lakini haisemi lolote kuhusu kuganda. Pentavalenti ikiganda kwenye friji iliyozidi baridi imeharibika hata kama mraba ni mweupe, maana chumvi ya aluminiamu inayobeba chanjo hugandamana na kuzama chini upesi kama mashapo. Mhudumu akiwa na shaka hutikisa kichupa hicho pamoja na kingine cha aina ile ile alichokigandisha makusudi, anaviacha dakika 30, kisha anatazama kipi kinazama haraka.

"Mtoto wa wiki kumi na nne alichemka usiku kucha baada ya sindano. Safari ijayo nimpe dawa kabla?" Msomaji, Dodoma

Usimpe kabla. Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka Jamhuri ya Czech ulionesha kwamba watoto waliopewa parasetamoli mapema kwa kuzuia homa walitengeneza kingamwili pungufu kwa baadhi ya chanjo. Mpe homa ikishatokea na mtoto akionekana kuteseka, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 6 anahitaji 60 hadi 90. Soma chupa kwanza: kama imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, basi mililita 2.5 ni 60. Pima kwa kijiko au bomba lililokuja na dawa, acha kijiko cha chai. Usirudie kabla ya saa 6.

Homa ya pentavalenti hutoka hasa kwenye sehemu ya kifaduro, ambayo kwetu hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Huja siku hiyo hiyo na huisha ndani ya siku 2. Homa ya surua-rubella ni tofauti: huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati kirusi dhaifu kinapojinakili, na mara nyingine vipele vichache huandamana nayo. Wazazi wengi wanafikiri ni malaria au ugonjwa mwingine. Bado apimwe malaria kama mnaishi kwenye mbu.

Penye uvimbe weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, basi. Usikande, usipake mafuta wala dawa ya meno. Kidonda cha BCG (chanjo ya kifua kikuu) nacho kiachwe wazi: huanza kama kipele wiki ya 2 hadi ya 4, kinatoa maji kidogo, kinakauka chenyewe na kuacha kovu. Rudi kituoni haraka mtoto akilia mfululizo zaidi ya saa 3, akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, akilegea, au homa ikivuka siku 2.